Furushi la Gakoromone

Ndugu yangu Ireri hutia chumvi kwenye chakula kabla ya kukionja. Hata mpishi awe ameangusha chumvi ya mwezi mzima ndani ya sufuria, Ireri hatajua, kwa sababu ataanza na kichupa, atakitikisa vizuri, ndipo akumbuke kijiko. Mimi nina hoteli Embu, si mbali na steji, na mteja akiutilia chumvi mchuzi wangu kabla ya kuuonja namhesabu kama mtu aliyenitukana. Ireri nimemzoea. Ni kitinda mimba wetu, mtu wa miraba minne anayeogopa maneno kuliko anavyoogopa nyuki.

Kwa hivyo nilipomwambia naenda Meru kuonja vyakula, naye akasema, "Twende," kabla sijamaliza sentensi, nilijua kuna jambo. Mtu asiyeonja chakula anataka nini kwenye safari ya kuonja?

Safari yenyewe ilikuwa ya kazi. Hoteli yangu ya kwanza iliungua. Ya pili ilivunjwa barabara ilipopanuliwa. Mume wangu alienda Nairobi kununua friji ya hoteli ya tatu, na mpaka leo yeye na friji bado wako njiani. Yote hayo yamenifunza jambo moja: mteja akiomba kitu, usibishane naye. Na wateja wangu wengi siku hizi ni watu wanaopita kwenda au kutoka Meru. Wanakula chapati zangu, wanashiba, halafu wanafuta mdomo na kusema, "Mama Njagi, chakula chako ni kizuri, lakini hapa hakuna nkima ya ndizi. Wala uji wa Kimeru hakuna." Ni kama kumwambia bibi harusi kwamba amependeza lakini dada yake alipendeza zaidi. Nikaamua nikaionje hiyo nkima huko huko Meru.

Tulipokaribia Chuka ndipo Ireri alifungua mdomo.

"Dada, unamkumbuka Mwalimu Kawira?"

Nilimkumbuka. Alikuwa akifundisha shule ya msingi inayopakana na shamba la Ireri, upande wa Runyenjes. Kila jioni alikuwa akipita kununua maziwa, na maziwa hayo yalikuwa yakichukua muda mrefu sana kupimwa. Halafu akapata uhamisho, akarudi kwao Meru. Ireri, ambaye simu yake ilikuwa imeshikiliwa na mpira wa sidiria, akanunua simu mpya wiki hiyo hiyo.

"Ametualika," akasema. "Leo. Nilimwambia unataka kuonja chakula cha kwao, akasema mama yake atapika."

"Vizuri. Kwa hivyo utamwambia leo?"

"Nimwambie nini?"

"Ireri, usinichoshe."

Akatazama nje. "Kuna mtu wa Nkubu," akasema. "Ana lori. Ameanza kuulizia kwao. Kawira aliniandikia mwenyewe. Watu wa huyo mtu watakuja mwezi ujao."

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nilimwandikia, 'Sawa.'"

"Sawa tu?"

"Nikaweka na kile kidole gumba."

Chuka ikatupita. Nilikuwa nikijiuliza ni mwanamke gani duniani hupelekewa kidole gumba akabaki akimngoja mtu. Kama Ireri angerudi Runyenjes jioni ile bila kusema neno, mwenye lori angeoa, na mimi ningelea mtu mwenye huzuni mpaka nizeeke.

Meru ilinipokea vizuri. Ni mji uliopanda mlima polepole na ukaamua kupumzika katikati. Watu wanatembea kama waliokula, hakuna anayekupiga kikumbo, na hewa ina ubaridi ule unaofanya chakula cha moto kionekane kama wazo la maana. Asubuhi ile ilikuwa ya Jumamosi, na kelele kubwa niliyoisikia ilikuwa ya kanda ya kwaya kwenye duka la viatu.

Tulianza na uji. Mama mmoja alikuwa amekaa nyuma ya mtungi, nje ya duka la mbegu, akitupimia kwa kata. Uji wa wimbi uliochacha, mzito, wenye ukali unaokushika nyuma ya taya halafu unakuachilia kwa upole. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, Ireri alikuwa akitazama huku na huku.

"Unatafuta nini?"

"Chumvi."

"Kwa uji?"

Mama wa uji akamtazama kwa huruma. "Huyu ametoka wapi?"

"Embu," nikasema. "Lakini si wote tuko hivi."

Kutoka hapo tukala viazi vikuu vilivyochomwa, wenyewe wanaviita ikwa, vikiwa na ganda jeusi na ndani vyeupe kama pamba. Ireri anavilima hivyo kwake na ana majivuno navyo, akala akihesabu makosa. Tukaonja ndizi za kuchemsha kutoka Kanyakine. Nkima niliiacha makusudi, nikaiwekea nafasi tumboni, kwa sababu Ireri aliniambia mama yake Kawira ndiye fundi wake.

Sasa, huwezi kwenda kula kwa watu mikono mitupu. Tulikuwa tumebeba mchele wa Mwea kwa ajili ya mama. Kwa mzee, baba yake Kawira, hatukuwa na kitu. Tukaingia soko la Gakoromone, na huko nikapotea kwa furaha. Maparachichi yamepangwa kama mawe ya ukuta, karoti bado zina udongo, mikungu ya ndizi imeegemezana kama walevi. Nilimuuliza Ireri mzee ni mtu wa wapi.

"Ni mzaliwa wa Laare. Lakini amejenga hapa mjini zamani."

Laare. Hata mtoto wa Embu anajua Laare ni kwenyewe kwa miraa. Nikaona nimeshapata jibu. Kwetu sisi tunalima muguka, na muguka hauna sherehe: unapimiwa majani kwenye mfuko wa karatasi, unalipa, unaenda zako. Nikadhani miraa ni kitu hicho hicho, isipokuwa yenyewe ni vijiti.

Nilimpata mchuuzi mmoja wa miraa, kijana, jina lake Bundi, ameketi nyuma ya meza iliyofunikwa gunia bichi.

"Nataka ya mzee," nikamwambia. "Mzee wa heshima."

"Mzee wako?"

"Wa wenyewe. Tunaenda kula kwake."

"Ni mtu wa wapi?"

"Kwao ni Laare."

Akaacha alichokuwa akifanya. "Hata mimi ni wa huko. Na huyo mzee ana wasichana?"

"Yuko mmoja nyumbani. Mwalimu."

Akainua macho akamtazama Ireri, aliyekuwa amesimama nyuma yangu akibonyeza parachichi la meza ya jirani. Shati jipya, viatu vimepigwa brashi mpaka vinaona haya.

"Na huyu?"

"Ndugu yangu. Hajaoa, kama una dada."

Bundi akacheka. "Ya dada yangu tutaongea siku nyingine, mama. Ngoja nikufungie vizuri."

Na kweli alinifungia. Hakugusa ile ya mezani. Aliingiza mkono chini ya gunia akatoa vijiti virefu, vyekundu kwenye shina, akavilinganisha kimoja kimoja kama mtu anayepanga mishumaa madhabahuni. Akatafuta jani la mgomba lisilo na mpasuko, akaviringisha, akafunga kwa kamba ya mgomba, fundo juu ya fundo. Likatoka furushi zuri, la kijani kinachong'aa.

"Usifungue njiani," akasema. "Na umpe mzee mwenyewe. Kwa mikono miwili."

Nikasema moyoni, hawa watu wanajua kuhudumia wateja. Nilipogeuka, Ireri alikuwa bado ameshika lile parachichi. Alikuwa amelibonyeza mpaka likawa halina budi kununuliwa.

Nyumba ya Mzee Murungi iko nje kidogo ya mji, mahali ambapo boda boda inaanza kupiga kelele za mlima. Ua umezungukwa na miiba ya kei, na nyuma ya jikoni viazi vikuu vimepanda juu ya miti yake. Ireri alivitazama hivyo viazi akapata nguvu kidogo. Mzee mwenyewe alitoka akiwa na sweta na kofia, mtu mrefu, mzee wa kanisa ambaye hata salamu yake ina utaratibu. Mama Angeline, mkewe, alinikumbatia nikaisikia harufu ya nkima kwenye leso yake.

Kawira akatoka na birika la maji ya kunawa.

"Umefika, Ireri," akasema.

"Nimefika, mwalimu."

Wakaishia hapo. Nilitamani kumfinya mtu, ila sikujua nianze na yupi.

Tukaingia sebuleni. Mezani palikuwa na bakuli kubwa la nkima, ndizi mbichi zilizopondwa na njahi, yale maharagwe meusi, mvuke unapanda. Kando yake kuku, na kichupa cha chumvi kwa ajili ya watu kama ndugu yangu. Nikaona huu ndio wakati wa kutoa mkono wa mgeni. Mchele nikampa mama. Kisha nikasimama, nikashika furushi kwa mikono miwili kama nilivyoagizwa, nikampa mzee.

"Ni kitu kidogo, Mzee. Ireri ndiye aliyekichagua."

Huo ulikuwa uongo, lakini nilitaka kumjenga kijana.

Mzee Murungi alilipokea. Hakusema asante. Alilishika kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe, akalitazama, akamtazama Ireri, akalitazama tena. Mama Angeline, aliyekuwa tayari ameinua mwiko wa kutupakulia, akausimamisha hewani.

"Kawira," mzee akasema taratibu. "Nenda umwite baba yako mdogo."

Kawira alikuwa mlangoni. Aliliona furushi. Sijui uso wake ulifanya nini kwa sababu aligeuka haraka, na nikasikia ndara zake zikikimbia uani.

Halafu Mama Angeline akafanya jambo ambalo katika maisha yangu yote ya biashara sijapata kuliona. Aliichukua ile nkima mezani, akairudisha jikoni. Kuku pia. Akaacha chumvi.

"Tutakula baadaye," akaniambia kwa adabu. "Jambo likiisha."

Jambo gani? Nilidhani pengine kuna mgeni mwingine wa kungojewa. Tumbo langu, lililokuwa limewekewa nafasi tangu asubuhi, likaanza kunilalamikia wazi wazi. Ireri alikuwa akiangalia magoti yake.

Baba mdogo aliitwa Stephen. Aliingia amevaa koti la Jumapili juu, na chini gamubuti za shambani zenye matope. Alisalimia, akaketi, akainama juu ya meza akayagusa mafundo kwa ncha ya kidole. Akamwambia kaka yake neno kwa Kimeru. Kiembu na Kimeru ni majirani, sikukosa kuelewa: alisema limefungwa na mtu anayejua.

Nikaona nisaidie. "Wazee wangu, msione haya kwa ajili yetu. Tafuneni tu. Sisi hata kwetu muguka upo."

Mzee Stephen akatabasamu. "Mama, Murungi hatafuni. Aliacha alipookoka, huyu Kawira akiwa mgongoni. Mimi nami daktari alinikataza."

"Kwa hivyo hapa hakuna anayetafuna?"

"Hakuna."

Niliangalia lile furushi. Jani zima bila mpasuko. Mafundo. Wazee wawili wamekaa wima kama wako mbele ya kamera. Chakula kimerudishwa jikoni. Na mtu amenipa maagizo sokoni baada ya kuuliza kama kuna msichana. Nikaanza kuelewa nilichokuwa nimebeba.

"Mama Njagi," akasema Mzee Murungi, na sauti yake haikuwa na ukali hata kidogo. "Mmetoka mbali, na kila mahali pana mambo yake. Kwetu, furushi la namna hii likija katika nyumba yenye msichana, halina maneno mengi. Linamuomba. Mimi nikilifungua, nimekubali tuanze kuongea. Kwa hivyo nauliza tu, bila ubaya. Kama ni zawadi ya mgeni, nitampa mama aweke huko na sukari, tule, tucheke, na hakuna atakayekasirika. Kama ni lile lingine, kuna mtu wa kuulizwa."

Mimi ni mtu wa maneno. Nimewahi kumchekesha askari wa baraza la mji mpaka akanirudishia meza yangu. Pale nilitafuta neno moja nikalikosa. Ningesema ni kosa, ningekuwa nimemkataa msichana wa watu mbele ya baba yake, na ndugu yangu angerudi nyumbani na kidole gumba chake. Ningesema si kosa, ningekuwa nimemwozesha mtu mzima bila kumuuliza.

"Mzee," nikaanza, "mimi kule sokoni nilidhani..."

"Ni langu," akasema Ireri.

Tulimgeukia sote. Hata yeye alionekana kushangaa kidogo kwamba sauti ilikuwa yake.

"Dada yangu alinunua bila kujua," akasema. "Lakini mimi nilijua. Mwalimu alinieleza, akiwa bado anafundisha kwetu. Siku moja tulibishana, muguka na miraa, gani ni bora. Akaniambia muguka haujawahi kumuoa mtu. Akanieleza furushi linafungwaje, na anapewa nani." Akamtazama mzee. "Leo nilimwona dada akifungiwa. Ningeweza kumwambia. Sikumwambia."

Kumbe lile parachichi lilikufa kwa sababu hiyo. Nilikaa chini. Miaka yote najiona mimi ndiye mwerevu wa familia, kumbe nimebebeshwa posa ya mtu kutoka Gakoromone mpaka hapa kama punda wa maji, na punda anashangilia jinsi mzigo ulivyofungwa vizuri.

Mzee Stephen alikuwa ameziba mdomo kwa ngumi, mabega yanatikisika.

"Kawira," mzee akaita.

Hakuwa mbali. Mtu haendi mbali wakati kama huo. Aliingia akasimama nyuma ya kiti cha mama yake.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Baba."

"Tufungue?"

Kawira akasogea mbele. Alimtazama Ireri. "Nilikuandikia habari ya mtu wa Nkubu," akasema, "ukaniwekea kidole gumba."

Ireri akainamisha kichwa.

"Ulifikiri naomba maoni yako kuhusu lori?"

"Sikujua niandike nini."

"Na kama dada yako angenunua ndizi leo?"

 Nilijikuta naomba Mungu ampe ndugu yangu sentensi moja tu, hata fupi.

"Ningerudi kununua mwenyewe," akasema Ireri. "Nilikuwa nimeshaona mahali pake."

Mama Angeline akasafisha koo. "Huyo wa Nkubu ameleta maneno tu," akasema, akiongea na kitambaa cha meza. "Na hata hayo maneno yanahusu lori sana."

Kawira akaangalia dirishani, akajaribu kuuzuia uso wake, ukamshinda.

"Fungua, Baba," akasema. "Chakula kinapoa."

Mzee Murungi hakukata kamba. Alifungua fundo moja moja, bila haraka. Jani lilipofunguka, harufu yake mbichi ikajaa sebule. Yeye alikigusa kijiti tu, akamsukumia ndugu yake, na Mzee Stephen akachukua kimoja akakitafuna kwa macho yaliyofumbwa.

"Na daktari?" nikamuuliza. Ulimi wangu ulikuwa umerudi.

"Daktari hakuniuliza kama nina binti wa kuposwa."

Ndipo nkima ikarudi. Nitaieleza kwa kifupi maana siwezi kuitendea haki. Ilikuwa laini lakini haikuwa ugali wa mgonjwa. Njahi zilikuwa bado zinajitambua mdomoni, na ndizi ilikuwa imetoa utamu wa mbali, wa nyuma kabisa, kama mtu anayeimba chumba cha pili. Nilikula kwa bidii. Nilipoinua macho, mkono wa Ireri ulikuwa umeshafika kwenye kichupa cha chumvi.

 Kawira alikuwa akimtazama.

Mkono ukasimama. Ukakiacha kichupa, ukarudi kwenye kijiko. Akaonja.

"Ina chumvi," akasema, kwa sauti ya mtu aliyegundua jambo kubwa.

"Imekuwa nayo siku zote," akajibu Kawira.

Jioni tulipoaga, nilimvuta Mama Angeline kando nikamuuliza siri ya ile nkima. Ni ndizi gani, anazipika na maganda au bila, njahi anaziloweka namna gani. Nilimweleza habari ya hoteli na wateja wangu wasioridhika. Alinisikiliza mpaka mwisho, ameshika mkono wangu.

"Mama Njagi," akasema, "hiyo huwa tunafundisha watu wa nyumbani. Leteni wazee wenu kwanza. Tukimaliza kuongea, nitakuonyesha kuanzia kumenya."

"Na kama hatutakubaliana?"

"Basi utaendelea na chapati," akasema, akacheka mpaka akanishikilia.

Nje, Ireri alikuwa nyuma ya jikoni na Mzee Murungi, wamesimama chini ya viazi vikuu, vichwa vimeinama pamoja. Ndugu yangu alikuwa akionyesha kitu kwenye shina na kuongea. Aliongea kwa muda mrefu. Dereva wa boda boda alipiga honi, nikamwashiria angoje.